Donda Lisilofunga: Historia ya Saratani ya Makovu

Saratani ya makovu ni saratani ya ngozi inayoota mahali ambapo ngozi iliwahi kuungua, kuchanika au kuoza, kisha ikapona vibaya au isipone kabisa. Huanzia kwenye kovu la moto lenye ngozi nyembamba inayochubuka kila mara, kwenye donda la mguuni lililokaa miaka, kwenye tundu la mfupa uliooza linalotoa usaha, au kwenye kidonda cha unyayo cha mtu aliyepoteza hisia kwa ukoma. Vitabu vya tiba huiita kidonda cha Marjolin. Mara nyingi ni saratani ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi. Mara chache huwa ya seli za tabaka lililo chini yake, au ya aina nyingine.

Mwenye ugonjwa huu huwa amekwisha kulizoea donda lake. Amelifunga kitambaa miaka kumi, pengine thelathini, na halimzuii tena kulima wala kwenda sokoni. Kisha ukingo wake huanza kunyanyuka na kuwa mgumu, nyama nyekundu huota katikati mithili ya koliflawa, harufu hubadilika, na likiguswa huvuja damu. Maumivu si lazima yaongezeke, kwa kuwa mishipa ya fahamu katika kovu nene imekwisha kufa. Kwa sababu hiyo wengi hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kuingia kwenye mfupa, au mitoki ikiwa imevimba kinenani.

Muda kati ya jeraha na saratani ndio uliowatatiza matabibu kwa karne nyingi. Vitabu vya Ulaya na Marekani hutaja wastani wa miaka thelathini hivi, na kadiri mtu anavyoumia akiwa mtu mzima ndivyo muda huo unavyopungua. Tabibu aliyefunga jeraha la mtoto kwa kawaida hakuwa yeye aliyelikuta limegeuka saratani. Ili mambo hayo mawili yaunganishwe, ilibidi mtu amuulize mgonjwa habari za utotoni mwake na kuyaamini majibu yake.

Jina la Marjolin lilikuja kwa njia isiyo ya haki sana. Jean-Nicolas Marjolin, aliyezaliwa mwaka 1780 na kufariki mwaka 1850, alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri wa Paris. Mwaka 1828 aliandika makala kuhusu vidonda katika kamusi ya tiba iliyokuwa ikichapishwa Ufaransa, na humo akaeleza aina ya kidonda chenye vinyama kama chunjua vinavyoota juu ya makovu ya zamani. Alikieleza vizuri, lakini hakuonyesha kwamba ni saratani. Miaka saba baadaye, London, Caesar Hawkins wa Hospitali ya St George's alichapisha maelezo ya uvimbe wa aina hiyo kwenye makovu ya wagonjwa wake. Mwaka 1850 Robert Smith wa Dublin akaandika kuhusu hali hiyohiyo na kuipa jina la yule Mfaransa. Ilipofika mwaka 1903, John Chalmers Da Costa wa Philadelphia alitumia jina la kidonda cha Marjolin kwa saratani iliyozuka katika vidonda sugu, na hapo jina likashika. Hivyo ugonjwa unaitwa kwa mtu ambaye huenda hakujua alichokuwa akikitazama, huku Hawkins na Smith wakikumbukwa na wachache tu.

Mwaka 1930 Norman Treves na George Pack, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya saratani ya Memorial huko New York, walirudi kwenye majalada ya wagonjwa wao na kuhesabu. Waliona kwamba karibu asilimia 2 ya saratani za seli bapa za ngozi zilianzia kwenye makovu ya moto. Hesabu hiyo imenukuliwa vibaya mara nyingi, kana kwamba kila watu 100 wenye makovu ya moto wawili kati yao hupata saratani. Hawakusema hivyo. Makovu ni mengi mno na yanayogeuka ni machache. Isipokuwa kwamba machache hayo hayatoki popote tu, bali kwenye majeraha yaliyoachwa yajifunge yenyewe.

Wakati madaktari wa Ulaya wakiutazama ugonjwa huu kama kioja cha mgonjwa mmoja mmoja, kulikuwa na mahali ambapo ulikuwa jambo la kila mwaka. Katika bonde la Kashmir, majira ya baridi huwa makali, na siku arobaini zinazoanza tarehe 21 Desemba huhesabiwa kuwa mbaya kuliko zote. Watu wa huko huvaa vazi refu pana la sufu liitwalo pheran, na ndani yake, wakiikumbatia tumboni au wakiiweka kati ya mapaja wanapochuchumaa, hubeba kangri: chungu kidogo cha udongo kilichosukiwa kikapu cha fito, kikiwa na makaa ya moto yaliyofukiwa kwenye jivu. Mkaa wake hutoka hata kwenye majani makavu ya mti wa chinar. Kangri huingia nayo mtu msikitini na dukani, na wengine hulala nayo.

William Elmslie, daktari mmisionari kutoka Scotland, alifungua kliniki Srinagar mwaka 1865. Mwaka uliofuata alichapisha katika jarida la tiba la India maelezo ya saratani aliyoikuta kwa wakazi wa bonde hilo. Ilimshangaza kwa mahali ilipoota: sehemu ya chini ya tumbo na upande wa ndani wa mapaja, mahali panapofunikwa na nguo mwaka mzima na ambapo kwingineko duniani ngozi haioti saratani kwa urahisi. Hapakuwa na haja ya kutafuta mbali. Ngozi ya mahali hapo ilikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia iliyosukana kama wavu, alama ya joto linalorudiwa kila siku kwa miaka, na katikati ya michirizi hiyo mlikuwa na makovu ya kuungua pale kaa lilipodondoka au mtu alipopitiwa na usingizi.

Baada ya Elmslie walikuja ndugu wawili, Arthur na Ernest Neve, walioiendesha hospitali ya misheni ya Srinagar kwa miongo mingi. Waliwapasua wagonjwa wa saratani ya kangri kwa wingi ambao daktari wa Ulaya wa wakati huo asingeuona maishani mwake. Mwaka 1923 Ernest Neve aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu saratani ya kangri na chanzo chake. Hoja yake ilikuwa na uzito kwa sababu ilikuwa rahisi kuikagua: saratani ile iliifuata kangri. Ilikaa pale kangri ilipokaa, na haikujali mtu ni wa dini gani au ametoka ukoo upi. Visa vya namna hiyo vimeelezwa kwingine pia, kama Japani, ambako watu walivaa kibweta cha chuma chenye moto kiitwacho kairo, na Ireland, ambako wanawake wazee walikaa na miundi yao karibu na moto wa udongo mboji. Wataalamu wengine huiweka saratani ya kangri katika fungu lake peke yake, kwa kuwa joto lenyewe, hata bila kovu, laweza kuiharibu ngozi. Katika wodi tofauti hiyo haikuwa na maana kubwa.

Mambo hayo yaliingia katika mjadala mkubwa wa karne ya 19: saratani inatoka wapi? Mpasuaji Percivall Pott alikuwa amekwisha kuonyesha London mwaka 1775 kwamba vijana wasafisha dohani walipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kutokana na masizi. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, alifundisha kwamba mwasho na uchubukaji wa muda mrefu huzifanya seli zianze kukua bila mpango. Kovu lisilotulia lilikuwa ushahidi mzuri wa nadharia yake, lakini lilikuwa ushahidi wa kuona tu. Mwaka 1915, huko Tokyo, Yamagiwa Katsusaburo na msaidizi wake Ichikawa Koichi walitoa ushahidi wa maabara: walipaka lami ya makaa ya mawe masikioni mwa sungura, siku baada ya siku kwa miezi mingi, hadi saratani ikaota.

Elimu ya sasa imeijaza nadharia hiyo maelezo. Kidonda kisichofunga ni mahali ambapo seli za ngozi zinagawanyika bila kupumzika ili kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika jeni. Katika saratani nyingi za makovu yamekutwa makosa kwenye jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika. Kovu nalo lina damu kidogo, na njia zake za limfu zimezibwa, kwa hiyo askari wa mwili hawafiki kwa urahisi kuziona seli zilizopotoka. Hiyo ndiyo sababu saratani hii hutambaa polepole kwa muda mrefu ikiwa ndani ya kovu, na ikishavuka mpaka wa kovu na kuingia kwenye ngozi nzima huenda kasi, na kusambaa kwake ni kukubwa kuliko kwa saratani ya ngozi iletwayo na jua.

Jua ndilo linaloongoza katika saratani za ngozi za watu weupe, na katika Afrika Mashariki huwaumiza zaidi watu wenye ualbino. Mtu mwenye ngozi nyeusi hukingwa na melanini. Saratani ya ngozi ikimpata, hasa ya mguuni, kwa kawaida hukutwa juu ya jeraha la zamani, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 jeraha hilo katika eneo hili lilikuwa donda ndugu.

Donda ndugu lilianza na kitu kidogo: mwiba, mkwaruzo wa jembe, kuumwa na mdudu, karibu kila mara chini ya goti. Bakteria wa jamii mbili au zaidi, wanaopenda tope na maji yaliyotuama, waliingia na kuozesha nyama kwa kushirikiana. Katika siku chache lengelenge lilipasuka, likafuata donda la mviringo lenye ukingo ulionyanyuka, harufu kali na maumivu makubwa. Lililoendelea kuchimba lilifikia kano na mfupa. Watoto na vijana wa kiume ndio walioshikwa zaidi, hasa wakati wa mvua, hasa mwaka wa njaa. Mtu aliyekula vizuri, akavaa viatu na kuosha kidonda kwa maji safi hakulipata kwa urahisi, na ndiyo maana maofisa wa kikoloni waliliona sana na kuugua kidogo sana.

Palipokusanywa watu wengi kwa kazi ngumu na chakula haba, donda ndugu lilistawi. Vidonda vya miguu vilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowaangusha vibarua wa reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale ambao kikosi chao kimeacha jina la Kariakoo Dar es Salaam. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, manamba walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali walifanya kazi peku au kwa makatambuga katikati ya majani ambayo kila ncha yake ni mwiba mgumu. Mwenye donda alipewa ruhusa ya siku chache, akafungwa bendeji na dresa wa shamba, akarudi kwenye mstari. Mkataba ulipokwisha alirudi kwao na donda lake. Saratani, kama ilikuja, ilimkuta huko kijijini miaka kumi au ishirini mbele, mbali na daftari lolote la kampuni. Gharama hiyo ya mkonge haikuhesabiwa popote.

Tiba za nyumbani zilikuwa nyingi. Donda lilioshwa kwa maji ya majani yaliyochemshwa, likanyunyizwa unga wa magome au wa mizizi, na madukani pwani kulikuwa na mrututu, yale mawe ya buluu ya salfeti ya shaba ambayo husagwa na kutiwa kwenye vidonda vibichi ili kuchoma nyama mbaya. Mrututu ulifanya kazi kiasi, kwa kuwa huua vijidudu, lakini huchoma pia ngozi changa inayojaribu kufunga. Zahanati za serikali hazikuwa na vingi vya kujivunia. Wakati Tanganyika ilipoanza katika miaka ya 1920 kuwafundisha madresa wa vijijini, kazi yao kubwa ilikuwa kuosha na kufunga vidonda, kwa potasi, aidini na pamba. Foleni ya asubuhi ya wenye vidonda ndiyo iliyokuwa sura ya zahanati kwa miongo kadhaa.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Waafrika hawapati saratani. Waliosema hivyo hawakuwa wamepima. Nairobi, mwanapatholojia F. W. Vint alipochapisha mwaka 1935 ripoti ya saratani alizozikagua katika maabara ya serikali ya Kenya, ilionekana kwamba saratani zipo, na kwamba zile za ngozi zilizoota juu ya vidonda na makovu zilikuwa na nafasi yake. Vint huyohuyo aliwahi kupima bongo za Waafrika akitaka kuonyesha uduni wao, kazi iliyokwisha kutupwa. Vipande vya saratani alivyovikagua kwa hadubini havikuhitaji nadharia ya namna hiyo.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Kampala. Daktari mmisionari Albert Cook na wenzake walifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897 na kuandika habari za kila mgonjwa kwa uangalifu ambao ulikuja kuwa hazina. Katika majalada ya mwaka huo wa kwanza Cook alieleza vidonda vikubwa visivyo vya kawaida, ambavyo wengi huvihesabu kuwa maelezo ya kwanza ya ugonjwa uliopewa baadaye jina la Buruli, eneo la Uganda. Makovu ya ugonjwa huo nayo yamekwisha kuonekana yakiota saratani. Mwaka 1964 kundi la watafiti wa Chuo cha Makerere lilipitia majalada ya Mengo kuanzia 1897 hadi 1956 na kuchapisha matokeo. Miongoni mwa waandishi walikuwamo J. N. P. Davies na Michael Hutt, na Waafrika wawili waliokuja kuwa maprofesa, Raphael Owor wa Uganda na Mtimavalye wa Tanzania. Majalada yalionyesha kwamba saratani ilikuwapo Buganda tangu siku za mwanzo za hospitali. Haikuletwa na ustaarabu wa Kizungu, kama baadhi walivyodai.

Davies alikuwa ameanzisha rejesta ya saratani ya Kampala mapema katika miaka ya 1950, na rejesta hiyo ikahesabu wagonjwa wa kaunti ya Kyadondo mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza katika eneo hili idadi ya wagonjwa iligawanywa kwa idadi ya watu, na saratani ya ngozi ya mguuni, ile ya donda ndugu, ikaonekana kuwa ugonjwa wa kawaida na si kioja. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala anayejulikana zaidi kwa saratani ya taya ya watoto, aliandikia hospitali nyingi za Afrika Mashariki akiomba orodha za wagonjwa wao, na mwaka 1971 yeye na Paula Cook walichapisha ramani za saratani zilizotokana na kazi hiyo. Mwaka 1973 A. C. Templeton alihariri kitabu kizima kuhusu uvimbe uliopimwa Uganda kati ya 1964 na 1968. Kwa mtu anayetaka kujua saratani ya donda ndugu ilivyokuwa kabla haijapungua, kazi hizi za Kampala hazina mfano.

Matibabu ya wakati huo yalikuwa zaidi ya kukata mguu. Saratani iliyokwisha kula mfupa wa muundi haikuacha njia nyingine, na wagonjwa wengi walikataa. Mkulima asiye na mguu hulishwa na wanawe, na mguu wa bandia ulipatikana katika miji michache tu. Waliokataa walirudi nyumbani na kuishi na donda hadi damu au uchafu wa damu ulipowaua. Waliokubali mapema, kabla mitoki haijavimba, mara nyingi walipona moja kwa moja.

Ulaya ilikuwa imepata njia ya kulizuia donda kabla ya kufika huko. Mwaka 1869, Paris, Jacques-Louis Reverdin alionyesha kwamba vipande vidogo vya ngozi vikitolewa mahali pazima na kuwekwa juu ya kidonda kibichi hushika na kutambaa. Miaka michache baadaye Louis Ollier na Carl Thiersch walipandikiza vipande vikubwa zaidi, na mwaka 1939 kisu maalumu cha Earl Padgett kikawezesha kukata ngozi ya unene ule ule kila mara. Jeraha la moto lililopandikizwa ngozi katika wiki za mwanzo hujifunga kwa ngozi imara, na ngozi imara haichubuki miaka thelathini. Vita vya Pili vya Dunia viliharakisha ujuzi huo: Archibald McIndoe, huko East Grinstead, aliwatengeneza nyuso na mikono marubani walioungua ndani ya ndege. Mmoja wa waliojifunza kwake alikuwa Michael Wood, na mwaka 1957 wawili hao pamoja na Tom Rees wa Marekani walianzisha huduma ya madaktari wa ndege yenye makao Nairobi, ambayo leo ni Amref. Hao watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile, na miongoni mwa waliokuwa wakiwasubiri kwenye viwanja vya vijijini walikuwa watu wenye makovu ya moto yaliyokaza viwiko na shingo.

Donda ndugu lilipungua bila kampeni kubwa ya kulipiga vita. Penisilini ilifika zahanati baada ya vita, kandambili na viatu vya plastiki vikawa rahisi kununua, chakula kikawa bora kidogo katika sehemu nyingi, na kazi za mkataba zikabadilika. Vijana waliokua katika miaka ya 1970 hawakubeba madonda kama baba zao. Kwa kuwa saratani hii huchelewa, wazee walioumia zamani waliendelea kuja hospitali kwa miongo mingine miwili.

Mahali palipoachwa na donda ndugu pamechukuliwa na moto. Nyumba nyingi bado hupika kwenye mafiga chini, kibatari hupinduka, sufuria ya uji huangukia mtoto. Watu wenye kifafa huungua vibaya kuliko wengine. Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kliniki ya kifafa huko karibu na mwaka 1960, alieleza wagonjwa walioangukia motoni na kuachwa humo kwa muda kwa sababu waliokuwapo waliogopa kumgusa mtu mwenye degedege, wakiamini ugonjwa huambukizwa kwa mate. Moto wa namna hiyo hula hadi kwenye msuli, na kovu lake ni miongoni mwa yale yasiyotulia.

Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, walichapisha habari za wagonjwa 56 wa kidonda cha Marjolin waliowatibu. Hao walikuwa karibu mmoja kati ya kila wagonjwa watano wa saratani ya ngozi hospitalini hapo. Karibu tisa katika kila kumi walianza na kovu la moto, na ni wachache sana waliokuwa wamepandikizwa ngozi walipoungua. Muda kutoka kuungua hadi saratani ulikuwa kwa wastani miaka kumi na moja hivi, mfupi kuliko ule wa vitabu vya Ulaya.

Namna ya kuitambua haijabadilika sana. Kovu lililofunguka na kukaa wazi kwa wiki kadhaa bila kufunga, au donda la zamani lililobadilika ukingo, hukatwa vipande vidogo kutoka sehemu kadhaa, katikati na pembeni, kwa kuwa kipande kimoja chaweza kuchukua nyama iliyooza tu na kuikosa saratani. Vipande huenda maabara. Ikithibitika, picha ya eksirei huonyesha kama mfupa umeguswa, na kinena au kwapa hupapaswa kutafuta mitoki. Saratani ndogo hukatwa pamoja na sentimita mbili hivi za ngozi nzima kuizunguka, na pengo hufunikwa kwa ngozi ya paja. Iliyoingia kwenye mfupa bado hudai kukatwa kwa kiungo. Mionzi hutumika pale inapopatikana, hasa mitoki ikiwa imeshikwa, lakini ndani ya kovu lenye damu kidogo nguvu yake hupungua. Mgonjwa huitwa kliniki kwa miaka kadhaa baada ya upasuaji, na sehemu nyingine za kovu lake hukaguliwa kila anapokuja, kwa sababu saratani ya pili yaweza kuota kando ya ile ya kwanza.